Kilo Imekaa Wapi?

Kioo cha nyuma cha Chevrolet Camaro Z/28 ya mwaka 2014 kina unene wa milimita 3.2. Camaro nyingine za wakati ule zilikuwa na kioo cha milimita 3.5. Tofauti hiyo huioni kwa macho, na hata ukikigonga kwa ukucha hutaisikia. Kilichopungua ni gramu 400, nusu kilo ya sukari haifiki. Wahandisi wa Chevrolet waliona gramu hizo zinastahili gari hili kuagiziwa kioo chake peke yake.

Hawakuishia hapo. Zulia la buti likatolewa. Vitambaa vya kuzuia kelele vikapunguzwa. Kiyoyozi kikawa kitu cha kuomba na kulipia kando. Spika ikabaki moja tu, kwa sababu sheria inataka gari liweze kumlilia dereva aliyesahau kufunga mkanda. Diski za chuma za breki zikapisha diski za kaboni na kauri, na rimu za inchi 20 zikapisha za inchi 19, ambazo pamoja na tairi zake zilipunguza takribani kilo 19. Gari lilipopanda mzani lilisoma kilo 1,733 hivi, pungufu kwa kilo 136 kuliko ndugu yake, Camaro ZL1.

ZL1 ilikuwa na supachaja na nguvu za farasi 580. Z/28 haikuwa na supachaja na ilikuwa na farasi 505. Magari yote mawili yalipelekwa Nürburgring, Ujerumani, kwenye ule uwanja wa zaidi ya kilomita 20 unaopanda na kushuka msituni. ZL1 ilimaliza mzunguko kwa dakika 7 na sekunde 41.27. Z/28 ilitumia dakika 7 na sekunde 37.40, na siku hiyo sehemu ya uwanja ilikuwa imelowa mvua. Farasi 75 pungufu, na bado ikatangulia kwa karibu sekunde nne.

Wapenzi wa magari ya misuli ya Marekani huisimulia habari hii kama hukumu ya mwisho: uzito ni adui, mchezo umekwisha. Mimi naipenda habari hii, lakini siikubali hukumu hiyo yote. Z/28 ilivaa tairi za Pirelli zinazonata karibu kama za mashindano, upana wa milimita 305 mbele na nyuma. Shokomzoba zake zilitoka Multimatic ya Kanada, watu wanaotengenezea magari ya mbio. Ukimpa mzee mwenye kilo nyingi viatu vizuri naye atakimbia. Kwa hiyo lazima tuulize kwa makini zaidi: uzito unakula muda kiasi gani, unaula sehemu gani ya uwanja, na kilo ipi ndiyo mlaji hasa? Kwa maana kilo ya kwenye rimu, kilo ya kwenye paa na kilo iliyolala sakafuni ni kilo tatu tofauti, ingawa mzani unazisoma sawa.

Gari la misuli lenyewe lilizaliwa kutokana na hesabu ya uzito, jambo lililokuja kusahaulika haraka. Kwa modeli za mwaka 1964, John DeLorean, mhandisi mkuu wa Pontiac wakati huo, pamoja na wenzake walichukua injini ya V8 ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, iliyokuwa ikivuta magari makubwa ya kampuni hiyo, wakaiweka ndani ya Tempest, gari la ukubwa wa kati. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa imekataza injini za magari ya kati zisizidi inchi 330. Pontiac ikapitia mlango wa uani: injini ile haikuuzwa kama gari jipya, iliuzwa kama nyongeza ya hiari, na nyongeza hiyo ikaitwa GTO. Gari likawa na tani moja na nusu na ushee. Punda alikuwa yuleyule, mzigo ndio uliopunguzwa.

Kisha sifa zikaleta unene. Wateja walitaka injini kubwa zaidi, na injini kubwa ya chuma cha kusubu ilitaka boneti pana, chasisi nene, springi ngumu, radieta kubwa. Injini ya Hemi ya Chrysler, ya inchi 426, peke yake ilizidi kilo 300, na kilo zote hizo zilikaa juu ya tairi za mbele. Mustang iliyoonyeshwa New York mwezi Aprili 1964 ilikuwa gari dogo jepesi. Ile ya mwaka 1971 ilikuwa imerefuka, imepanuka na kunenepa kwa mbali. Farasi waliongezeka, na kila aliyeongezwa akaja na tandiko lake.

Tuanze na robo maili, maana ndiko magari haya yalikokulia. Ni mita 402 zilizonyooka, taa ya kijani ikiwaka unakanyaga mafuta mpaka mwisho. Wamarekani wa mchezo huu wana kanuni ya mkono: toa pauni 100, yaani kilo 45, utapata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kanuni hiyo si ushirikina. Muda wa robo maili hufuata kwa ukaribu kipeuo cha tatu cha uzito ukigawanywa kwa nguvu. Maana yake, ukipunguza uzito kwa asilimia tatu, muda unapungua kwa asilimia moja. Gari la kilo 1,800 linalomaliza kwa sekunde 12 likipunguzwa kilo 45, limepungua asilimia 2.5, basi muda unashuka kwa asilimia 0.8 hivi, na hiyo ndiyo sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tangi la Mustang GT ya siku hizi linachukua lita 60 za petroli, na lita moja ina uzito wa robo tatu ya kilo. Hesabu mwenyewe: tangi lililojaa ni kilo 45. Ndiyo sababu dereva wa robo maili huja uwanjani na mafuta ya kumfikisha mwisho na kumrudisha, basi.

Lakini kipeuo cha tatu kinasema jambo jingine, na hili ndilo lililowapotosha watu wengi. Kinasema kwamba mstari mnyoofu ni mpole. Uzito ukiongezeka kwa asilimia kumi, muda unaongezeka kwa asilimia tatu tu na kidogo, na ukiongeza nguvu kwa asilimia kumi pia, deni lote limelipwa. Kwenye mstari mnyoofu farasi na kilo wanabadilishana kama shilingi na shilingi. Ndiyo maana kwa miaka mingi watengenezaji wa magari wa Detroit walijibu kila kilo kwa farasi, na stopuwochi ikawapa haki.

Zaidi ya hayo, mstari mnyoofu hauhesabu kilo zote kwa bei moja. Ford walilijua hili mwaka 1964 walipojenga Thunderbolt, Fairlane 100 zilizotiwa injini ya mbio ya lita 7. Fenda, boneti na milango vilikuwa vya faibaglasi, vioo vya pembeni vilikuwa plastiki angavu, na hita, redio, zulia, jeki na vizuizi vya jua vikaachwa kiwandani. Gari lilitakiwa lisiwe chini ya pauni 3,200, yaani kilo 1,451, na waliisogelea namba hiyo kwa kuhesabu kila kitu. Halafu, baada ya kuhangaika hivyo, wakaweka kwenye buti betri kubwa nzito kupita ya kawaida, zaidi ya kilo 40. Mtu asiyejua angedhani wamechanganyikiwa. Tairi zinazosukuma gari lile ni za nyuma, na tairi isiyo na mzigo juu yake inazunguka bure na kutoa moshi. Kilo za kwenye buti ziliikandamiza tairi kwenye lami wakati taa inapowaka. Kwa hiyo kilo ileile iliyokuwa dhambi juu ya tairi za mbele iligeuka kuwa mfanyakazi juu ya tairi za nyuma.

Nusu karne baadaye Dodge walirudia somo lilelile kwa Challenger SRT Demon ya mwaka 2018. Lilitoka na kiti kimoja tu, cha dereva. Kiti cha abiria wa mbele na cha nyuma kila kimoja kiliuzwa kwa dola moja, kwa anayevitaka. Likapungua kilo zaidi ya 90 kuliko Challenger Hellcat, likapewa farasi 840 kwa petroli ya mbio, na springi na shokomzoba zikatengenezwa ili pua inyanyuke na mzigo uende nyuma linapoondoka. Lilimaliza robo maili kwa sekunde 9.65, na linapoondoka tairi zake za mbele ziliweza kwenda hewani umbali wa karibu sentimita 90. Tairi za mbele zikiwa hewani, mzigo wote uko juu ya zile zinazofanya kazi. Bado hilo lilikuwa gari linalokaribia tani mbili. Robo maili ililisamehe.

Sasa tuingie kona.

Mtu anayekumbuka fizikia ya sekondari anaweza kupinga hapa, na pingamizi lake ni la haki. Alifundishwa kwamba msuguano unaongezeka sawasawa na mzigo. Gari likiwa zito mara mbili, tairi inakandamizwa mara mbili, inashika mara mbili, kwa hiyo kona ileile ingekatwa kwa kasi ileile. Kwenye hesabu uzito unafutika pande zote mbili za mlingano. Ingekuwa tairi ni kipande cha mbao kinachoburutwa juu ya meza ya maabara, makala haya yangeishia kwenye robo maili.

Tairi ni raba. Raba hushika lami kwa kubonyea na kuingia katika vijishimo na vichongoma vidogo vya barabara. Mzigo wa kwanza unaibonyeza sana, inajaza vijishimo vingi. Mzigo wa pili unakuta vijishimo vingi vimeshajaa. Basi mshiko unaongezeka, lakini hauongezeki kwa kiwango cha mzigo. Tuseme kwa mfano tairi yenye mzigo wa kilo 400 inashika kwa nguvu ya kilo 400. Ukiipa kilo 800 huenda ikashika kwa 740. Zile 60 zilizopotea ndizo sehemu ya kwanza ya gharama ya uzito.

Sehemu ya pili inatokana na gari kulala upande. Chukua gari la kilo 1,800, kitovu cha uzito wake kikiwa nusu mita juu ya lami, na umbali kati ya tairi za kushoto na za kulia ukiwa mita 1.6. Likikata kona kwa nguvu sawa na ile ya mvutano wa dunia, jambo ambalo Camaro au Mustang nzuri ya miaka ya karibuni inaliweza, mzigo wa kilo 560 hivi unahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Upande uliokuwa na kilo 900 sasa una zaidi ya 1,460. Upande wa pili umebakiwa na 340 hivi. Jumla haijabadilika hata gramu, lakini kumbuka tabia ya raba: tairi za nje zimeelemewa na hazilipi mshiko wa haki kwa mzigo zilizopewa, na za ndani karibu zinapapasa. Zote nne kwa pamoja zinashika kidogo kuliko zilivyoshika gari lilipokuwa limetulia. Lipunguze uzito, na mzigo unaohama unapungua. Shusha kitovu cha uzito kwa sentimita chache, unapungua tena, bila kutoa hata skrubu moja.

Ongeza pua nzito. V8 ya chuma mbele inafanya tairi moja, ya mbele upande wa nje, ibebe sehemu kubwa kuliko nyingine. Hiyo ndiyo inayochoka kwanza. Dereva anazungusha usukani, pua inaendelea kule ilikokuwa ikienda. Anaongeza usukani, haisaidii. Inabidi aachie mafuta na kungoja. Mashabiki wa zamani walisema magari haya hayajui kona. Yalijua, ila tairi moja ilikuwa inafanya kazi ya mbili.

Na breki? Hapa ndipo naona watu wanapunja uzito hadhi yake, kwa sababu breki haionekani kwenye takwimu za majarida kama farasi wanavyoonekana. Chukua ZL1 na Z/28 zilezile. Zije kwenye mwisho wa sehemu iliyonyooka kwa kilomita 240 kwa saa, zipunguze hadi 80 kwa ajili ya kona. Tukiweka kando msaada wa upepo, breki za ZL1 lazima zimeze nishati ya kutosha kuchemsha karibu lita 12 za maji, kutoka joto la chumbani mpaka povu. Sekunde chache tu, sufuria kubwa ya maji ya kuogea imechemka. Z/28 inachemsha lita 11 hivi. Tofauti ni karibu lita moja kwa kona moja. Uwanja una kona nyingi, na dereva anazunguka mara kumi, kumi na tano. Diski haipati nafasi ya kupoa kabla sufuria nyingine haijaja. Baada ya mizunguko michache mafuta ya breki yenyewe huanza kuchemka ndani ya mabomba, mapovu yanaingia, na pedali iliyokuwa ngumu inakuwa laini chini ya mguu kama unakanyaga sponji. Aliyewahi kushuka mlima mrefu na lori lililojaa anaujua mguu huo.

Ndiyo sababu gari zito lenye farasi wengi linaweza kuwa la kwanza mzunguko wa kwanza na la tano mzunguko wa sita. Farasi wanakupeleka kwenye kona kwa kasi kubwa zaidi, kisha kilo na kasi kwa pamoja vinadai breki. Nishati inakua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kila farasi aliyeongezwa kulipa deni la uzito amelikuza deni la breki. Kwenye robo maili shilingi ilibadilishwa kwa shilingi. Uwanjani, farasi unayemnunua anakuja na mkopo.

Baada ya kuyaona hayo, ndipo mtu anaelewa kwa nini wanaojua hawatoi kilo ovyo. Wanaanza na rimu. Ford walipotoa Mustang Shelby GT350R kwa modeli za mwaka 2016, waliivika rimu za nyuzi za kaboni kutoka Carbon Revolution ya Australia. Rimu moja ilikuwa na kilo 8 hivi, wakati ya alumini ya ukubwa ule ingekuwa na 15. Jaribu kunyanyua kilo 15 kwa mkono mmoja, kisha 8, mkono utakueleza mapema kuliko kitabu. Kwa rimu nne ni kilo 27 hivi tu kwenye gari zima, sawa na mfuko wa unga na ziada. Lakini kilo ya rimu inasukumwa mbele pamoja na gari, na wakati huohuo inazungushwa, kisha inasimamishwa na breki katika mambo yote mawili. Vilevile haibebwi na springi, iko chini yake. Tairi ikipanda tuta dogo la ukingo wa kona, rimu nzito inarushwa na kuchelewa kurudi, na muda wote ilipo hewani haishiki kitu. Rimu nyepesi inafuata barabara kama kiganja kinachopapasa ukuta gizani. Kama ningepewa kilo kumi za kutoa kwenye Mustang ya mtu, ningezitoa hapo kabla sijagusa kiti chake.

Baada ya rimu, pua. Mwaka 1969 Chevrolet walijenga Camaro 69 zenye injini iliyoitwa pia ZL1, V8 ya lita 7 ambayo bloku na vichwa vyake vilikuwa vya alumini. Injini hiyo kubwa ilikuwa na uzito unaokaribia ule wa V8 ndogo ya chuma. Misuli ya gari zito ikakaa kwenye pua ya gari jepesi. Bei yake ilitisha wanunuzi, kwa kuwa injini peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,000, na wauzaji walihangaika nazo. Fikra ilikuwa sahihi miaka mingi kabla ya soko.

Wakati huohuo kwenye mbio za Trans-Am, zilizoanza mwaka 1966, injini zilibanwa zisizidi lita 5. Pale ambapo farasi wamewekewa kikomo, macho yote huenda kwenye kilo. Timu ya Roger Penske, dereva wake akiwa Mark Donohue, ambaye pia alikuwa mhandisi, ilitumbukiza bodi ya Camaro kwenye tindikali ili bati lote liliwe na kuwa jembamba. Tindikali haichagui. Inakula paa kama inavyokula sakafu, na paa ndilo lililo juu kuliko vyote, kwa hiyo kila kilo iliyoyeyuka huko ilishusha kitovu cha uzito. Waliokoa uzito mwingi hata gari likawa chini ya kiwango kilichoruhusiwa. Donohue mwenyewe alikuja kusimulia kitabuni jinsi mwaka 1968 kwenye uwanja wa Sebring walivyopitisha gari lililo halali kwenye ukaguzi mara mbili, mara ya pili likiwa na namba ya lile jepesi. Siwasifu kwa hilo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha watu wenye akili kuliko wote uwanjani walikuwa wanaona ushindi umelala wapi. Mwaka huo Donohue alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am.

Huku kwetu Afrika Mashariki nasi tuliuona mfano wake, ingawa haikuwa uwanjani. Katika Safari Rally ya mwaka 1964 Ford ya Marekani ilileta timu ya Mercury Comet zenye V8, zilizotayarishwa kwa gharama kubwa. Mvua ikanyesha, udongo ukageuka uji. Comet mbili tu zilifika mwisho, zikiwa mbali nyuma. Mshindi alikuwa Peter Hughes wa Kenya kwa Ford Cortina GT, kigari cha silinda nne ambacho watu wachache wangeweza kukisukuma kutoka kwenye tope.

Ningekuwa mwandishi wa ushabiki ningeishia hapo, ushahidi wote uko upande mmoja. Lakini kuna magari mawili ambayo hayaniruhusu. La kwanza ni Camaro ZL1 1LE ya mwaka 2018. Ina injini ileile ya farasi 650 ya ZL1 ya kawaida ya kizazi chake, na ni nyepesi kwa kilo 27 hivi tu. Kule Nürburgring ZL1 ilitumia dakika 7 na sekunde 29.60. Ile ya 1LE ilitumia dakika 7 na sekunde 16.04. Kilo 27 haziwezi kuleta sekunde 13. Zilizoleta ni tairi, shokomzoba na bawa kubwa la nyuma.

La pili ni Mustang GTD, gari la farasi 815 na karibu tani mbili. Mwishoni mwa mwaka 2024 Ford walitangaza kwamba limezunguka Nürburgring kwa dakika 6 na sekunde 57.685, na mwaka uliofuata likashusha hadi dakika 6 na sekunde 52.072. Gari la misuli, zito kuliko ile Z/28 iliyokatwa kioo, limeipita kwa zaidi ya sekunde 45.

Siri ya magari haya mawili haipingi yale niliyosema kuhusu raba, inayathibitisha. Bawa na njia za hewa chini ya gari hutumia upepo kulikandamiza gari kwenye lami. Tairi inapata mzigo, inashika zaidi, lakini mzigo huo wa upepo hauna uzito wa kusukumwa nje ya kona wala wa kusimamishwa na breki. Ni mzigo wenye faida ya uzito usio na madeni yake. Tena GTD imevaa tairi pana mno, milimita 325 mbele na 345 nyuma, kwa hiyo kila sentimita ya raba inabeba kidogo. Na giaboksi yake imehamishwa kutoka nyuma ya injini hadi kwenye ekseli ya nyuma, mpaka mzigo wa mbele na wa nyuma ukakaribia kulingana. Hawakuzitupa kilo zote, walizipangia mahali pa kukaa. Gharama yake ni zaidi ya dola 300,000, na hapo ndipo watu wa kawaida tunapoachwa. Kupunguza kilo ni kwa maskini na tajiri. Kununua upepo ni kwa tajiri.

Mwenye fedha akifanya vyote viwili kwa pamoja, matokeo yanashangaza. Juni 2023, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, timu ya Hendrick ilipeleka Camaro ya mbio za NASCAR iliyopunguzwa zaidi ya kilo 200, ikapewa breki za kaboni na bodi ya kukandamizwa na upepo. Watu walikuja kucheka ngurumo zake. Kwenye kufuzu, Mike Rockenfeller alizunguka kwa dakika 3 na sekunde 47.976, mbele ya magari yote ya daraja la GTE, ambayo yamezaliwa kwa kazi hiyo.

Haki inataka tuseme pia kwamba kilo nyingi za leo hazikuingia kwa uzembe. Milango ya Camaro ya 1967 ilikuwa bati na kioo. Ya magari ya leo ina nondo za chuma ndani yake na mifuko ya hewa, na watu wanatoka wazima kwenye ajali ambazo zamani zilitengeneza mayatima. Sitaki mtu yeyote anitolee nondo hizo ili kupata sehemu ya kumi ya sekunde kwenye gari analopelekea watoto shule. Kilo nisizozionea huruma ni za viti vya umeme vyenye mota sita, paa la kioo, na rimu za inchi 22 za kujionyesha.

Sasa limekuja Dodge Charger Daytona la umeme, lenye kilo zaidi ya 2,600. Toleo lake la Scat Pack lina farasi 670, na Dodge walilitangazia robo maili ya sekunde 11.5, sehemu chache tu za kumi nyuma ya Hellcat yenye kilo 600 hivi pungufu. Mstari mnyoofu umesamehe tena, kama kawaida yake, hasa kwa kuwa magurudumu yote manne yanasukuma. Betri imelala sakafuni, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko chini, na hilo ni jema. Lakini hesabu ya sufuria haina huruma: breki ileile ya kilomita 240 hadi 80 sasa ni zaidi ya lita 16 na nusu za maji. Mota zinaweza kurudisha sehemu ya nishati hiyo kwenye betri, ila betri nayo inapata joto ikilishwa na kunyonywa mfululizo. Na tairi ya nje ya mbele, yenyewe, bado ni raba.

Niliyoyasema yote yanaonekana kwa udogo wake kwenye karakana yoyote inayoandaa magari ya uwanjani. Fundi anaweka mizani minne sakafuni, mmoja chini ya kila tairi. Dereva anaingia, anavaa helmeti, anakaa kama atakavyokaa siku ya mbio, mafuta nusu tangi. Mizani inasoma: mbele kushoto 505, mbele kulia 480, nyuma kushoto 400, nyuma kulia 415. Jumla kilo 1,800. Fundi anajumlisha kwa mshazari: mbele kushoto na nyuma kulia ni 920, mbele kulia na nyuma kushoto ni 880. Gari hili litakata kona za upande mmoja vizuri na kugoma kwenye za upande mwingine. Anachukua spana, anainama mbele kushoto, anashusha kikalio cha springi kidogo tu. Analitikisa gari ili litulie, anatazama tena. 495, 490, 410, 405. Mishazari sasa ni 900 kwa 900. Jumla bado ni 1,800. Dereva anavua helmeti, fundi anaandika namba nne kwa chaki ukutani.